Wanatakiwa Wachezaji Watatu

Jarida lenyewe liko kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo. Jalada limepauka. Mwanamke mwenye ngao anapanda ngazi za mawe, na juu yake joka limekunjua bawa moja. La pili lilichanika zamani, kabla jarida halijafika mikononi mwangu. Ukurasa wa mwisho una matangazo madogo madogo, na moja nililipigia mstari kwa kalamu ya bluu. Mwaka jana nilipiga tena ile namba iliyo chini yake, si kwamba nilitegemea kitu. Mwanamke wa mashine akaniambia kwa Kiswidi kizuri kwamba namba hiyo haina mwenyewe. Nikamwacha arudie na kurudia, maana siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amezungumza na mimi.

Nilifika Stockholm mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kutoka Uvira kwa kupitia kambi za upande wa Kigoma, nikapata nyumba ya chumba kimoja na jiko katika mtaa wa Bredäng, juu kabisa katika moja ya yale majengo marefu. Nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini. Sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu walikuwa wametawanyika kiasi kwamba kila mmoja nilimpigia kwa kadi ya simu ya nchi nyingine. Kazi yangu ilikuwa kusafisha ndege. Alfajiri nachukua treni ya chini ya ardhi mpaka mjini, nabadilisha, naenda mpaka Märsta, kisha basi mpaka uwanjani. Ndani ya ndege ni mbio tu: unaokota blanketi, unafuta meza, unatoa takataka kwenye mfuko wa kiti, unatoka. Hakuna nafasi ya kumjua mwenzako unayefuta naye. Mchana narudi, nafunga mlango, na kimya kinaanza.

Kimya cha ngazi za huku sikukizoea. Majirani wanasikiliza mlangoni kwanza, wakijua hakuna mtu nje ndipo wanatoka. Mwanzoni nilidhani wananikwepa mimi. Baadaye nikagundua wanakwepana wote, hata Waswidi kwa Waswidi, nikafarijika kidogo, halafu nikaumia zaidi. Kanisani nilikuwa na watu, siwezi kusema sikuwa nao. Jumapili tuliimba, tulikula, tulisemana. Lakini akina mama waliongea habari za waume na watoto wanaojibu kwa Kiswidi, na mimi niliyekuwa sina mume wa kumlalamikia nilikuwa nachangia kwa kuosha vyombo.

Chini ya jengo letu kulikuwa na chumba cha kutupia vitu vikubwa. Waswidi wakichoka na kitu wanakishusha huko, kikiwa kizima kabisa, na jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu aliyekaa ghorofa ya chini yangu, alikiita chumba hicho magazini, yaani duka. Tulipata huko vitu vingi vya maana. Mimi siku moja nilishuka kutafuta taa nikapanda na boksi la majarida. Nilivutiwa na picha, basi. Majoka, ngome, watu wenye masikio marefu, mazimwi yaliyochorwa kwa uangalifu mpaka kucha.

Yalikuwa majarida ya mchezo fulani, na ilinichukua muda na kamusi kuuelewa. Hauna ubao, hauna karata. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni kiongozi, anasimulia: mko mbele ya ngome, mvua inanyesha, lango limefungwa. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, inarushwa dadu yenye pande nyingi, na dadu inaamua. Hakuna anayeshinda. Niliposoma hivyo nilikumbuka jioni za kwetu umeme ukikatika, shangazi anasimulia hadithi na sisi tunamkatiza: mimi ningekimbia, mimi ningelidanganya lile zimwi. Kumbe Waswidi nao wana kitu hicho, ila wao wamekiwekea kanuni na majedwali.

Mwalimu wetu wa Kiswidi alikuwa ametuambia tusome chochote tunachokipenda. Nikamtii. Siku moja darasani akataka kila mtu ataje maneno mapya aliyojifunza. Wenzangu wakasema sahani, pazia, kodi ya nyumba. Mimi nikasema upanga, laana, shimo la wafungwa. Darasa zima lilivunjika mbavu. Nilijua neno la ngao kabla ya kujua neno la daktari wa meno, na jino lilikuwa linaniuma wakati huohuo.

Nikaanza kucheza peke yangu. Dadu sikuwa nayo, kwa hiyo nilikata vipande vya karatasi, nikaviandika namba, nikavitia kwenye sufuria ndogo ya uji na kuchomoa kimoja kila nilipohitaji bahati. Mhusika wangu nilimtengeneza kwa kufuata maelekezo ya jarida, isipokuwa kazi yake. Jarida lilikuruhusu kuwa shujaa, mchawi, mwindaji, mwizi au kuhani. Hapakuwa na mtu aliyeuza chochote. Nikajiuliza hawa watu wanakula nini. Wa kwangu nikamfanya mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wakavu ambao mama yangu aliwauza sokoni maisha yake yote.

Lakini mchezo ule ukiwa peke yako ni mateso. Ukiwa kiongozi unajua nyuma ya mlango kuna nini. Ukiwa mchuuzi unajifanya hujui. Nilimsalimia mlinzi wa ngome, kisha nikamwitikia mwenyewe, kwa sauti, jikoni kwangu. Mara moja nikajisikia. Nikanyamaza katikati ya neno. Niliona aibu kama vile kuna mtu amesimama mlangoni ananitazama, na hapohapo nikatamani angekuwepo.

Ndipo nikasoma vizuri ukurasa wa mwisho wa lile jarida la joka lenye bawa moja. Tangazo lilikuwa fupi. Wanatakiwa wachezaji watatu, Vällingby, kila Alhamisi jioni. Si lazima ujue kucheza. Dadu ninazo. Kisha namba ya simu.

Sikutazama mwaka wa jarida. Watu niliowasimulia wameshanicheka vya kutosha, kwa hiyo acha nieleze. Kwetu karatasi yenye maandishi haikuwa na umri. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na majarida aliyapata kwa mapadri yakiwa yameshapita mikono mingi. Tuliyasoma mpaka yakachanika, na yaliyobaki yakafungiwa karanga. Habari ilikuwa mpya siku uliyoisoma. Aliwahi kuona tangazo la mafunzo ya ufugaji nyuki kwa njia ya posta, katika jarida ambalo nadhani lilinizidi umri mimi. Akawaandikia. Majirani walimwona chizi. Majibu yalikuja, na mafunzo yakaja, na tukala asali ya nyuma ya nyumba yetu mpaka vita vilipotutoa. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba tangazo ni mtu ameahidi kitu, na kazi yako wewe ni kumfuata.

Hata hivyo nilizunguka na ile namba siku nyingi. Nilifanya mazoezi ya sentensi zangu nikitazama dirishani, na kila nikifika kwenye simu nakumbuka kwamba sufuria iko motoni. Jumapili moja baada ya ibada nikapiga moyo konde. Simu iliita sana. Akapokea mwanamume, akataja jina lake la ukoo kama wanavyofanya huku. Nikamwaga sentensi zote kwa mkupuo: nimeona tangazo, sijawahi kucheza na watu, mhusika ninaye tayari, nakaa Bredäng lakini kufika naweza.

Upande wa pili kimya. Nikadhani Kiswidi changu kimemkimbiza. Nilikuwa na swali moja nililoliandaa la mwisho, nikalisema hivyohivyo.

"Nafasi bado ipo?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ipo," akasema. "Njoo Alhamisi."

Alhamisi nilikaanga maandazi, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mara ya kwanza mikono mitupu, nikapanda treni ya njia nyekundu mpaka mjini na ya kijani mpaka Vällingby. Njiani nilijipanga. Nilitarajia vijana wengi, kelele, labda muziki. Aliyenifungulia mlango alikuwa mtu wa makamo yangu, mwenye miwani na upara uliokuwa ndio kwanza unaanza, amevaa soksi na sweta, mikono hajui aiweke wapi. Sebuleni kulikuwa na meza ya viti vinne. Vikombe vinne, penseli tatu zilizochongwa, ndefu kama zilivyotoka dukani, na mfuko mdogo wa dadu ambazo zilikuwa zinang'aa.

Nikamuuliza wengine wako wapi.

"Leo ni sisi wawili," akasema.

Akaomba alione jarida. Nikalitoa kwenye mkoba. Alilishika kwa mikono miwili, akalifungua ukurasa wa kwanza wa ndani, akanionyesha kwa kidole mwaka uliochapishwa chini kabisa. Miaka ya themanini. Nilipiga hesabu kichwani na damu ikanipanda usoni. Tangazo lile alilituma akiwa kijana wa shule, katika nyumba hiihii, akaweka namba ya simu ya mama yake. Mama alishafariki, yeye akabaki na nyumba na namba ileile. Mimi nilikuwa nimempigia mtu kuhusu jambo la utoto wake, kama vile ningempigia kumuuliza kama baiskeli yake ya miguu mitatu bado anaiuza. Nikaanza kuvaa koti langu. Nilitaka kutoka mbio na maandazi yangu.

Akaniambia maji yameshachemka. Wala hakuninyang'anya koti. Nikakaa.

Nilichoelewa siku ile ni hiki, na nilikiamini miaka yote: kwamba kulikuwa na kundi. Vijana watatu walimpigia zamani hizo, wakacheza hapo Alhamisi baada ya Alhamisi, wakakua, wakaoa, wakahama, akabaki yeye na vikombe. Hakuniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, na nikawapa hata sura: mmoja mnene anayecheka sana, mmoja mbishi, mmoja anayechelewa kila mara. Niliwaonea wivu, watu wazima ambao sikuwahi kuwaona. Nilipomuuliza habari zao aliangalia vikombe, akasema hayo ni ya zamani, nami nikaacha, maana najua mtu akiongea hivyo ana kidonda.

Safari tuliyocheza alikuwa ameiandaa tangu ujana. Ramani aliichora kwa kalamu ya wino, karatasi imekuwa ya njano, na mwisho wa ramani, chini ya mlima, kulikuwa na mlango. Kila kitu kilielekea huko. Wahusika watatu walikuwa tayari tangu wakati huo. Mmoja nikambadilisha kuwa mchuuzi wangu wa ndagala, jambo ambalo lilimfanya afungue vitabu vyake vyote vya kanuni kutafuta samaki mkavu ana uzito gani. Wawili waliobaki akaniambia niwachukue pia, niwacheze wote. Nikakataa. Nilimwambia wana wenyewe, wenyewe wakirudi watawakuta. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akakubali. Basi katika hadithi yetu wale wawili wakabaki kambini wakilinda mizigo, na humo walikaa miaka.

Mapema tu tulifika kwenye pango la zimwi. Akasimulia: zimwi limelala, dhahabu iko nyuma yake, unafanya nini? Alitegemea nichomoe kisu, hilo lilionekana usoni. Mimi nikagonga meza kwa kidole.

"Hodi," nikasema.

Akaniuliza ndiyo nini. Nikamweleza kwamba pango lina mwenyewe, na kwa mtu huingii kama mwizi. Unabisha hodi, unangoja, akisema karibu ndipo unaingia. Na pakiwa kimya je, akauliza. Unabisha tena, na tena, halafu unarudi ulikotoka. Akapekua karatasi zake. Hakuna mahali alipoandika zimwi likibishiwa hodi linafanya nini. Akavua miwani, akaifuta na sweta.

"Linaamka," akasema polepole. "Linashangaa. Halijawahi kubishiwa."

Nikaliuliza zimwi habari za nyumbani. Nikaliuliza habari za watoto, habari za baridi hii, habari za mgongo, maana kulala juu ya mawe si mchezo. Mwishowe nikaliuzia ndagala. Kiongozi wangu alicheka mpaka akainamisha kichwa mezani, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona mtu wa nchi hii akicheka kwa sababu yangu bila kunicheka mimi. Kabla ya kuondoka nilimfundisha jibu, na tangu siku ile, kila nilipogonga meza, alinijibu "karibu" kwa ile r yao.

Ikawa ndiyo Alhamisi zangu. Majira yalibadilika nje ya dirisha lake: giza la saa tisa mchana, theluji, kisha ule mwanga wa kiangazi usiojua kwenda kulala. Kwa wiki nzima ndege zilinimaliza mgongo, na nyumbani nilikula nimesimama, maana kupanga meza ya mtu mmoja kulinikera. Alhamisi nilikaa. Sikusema naye mambo makubwa. Sidhani alijua ndugu zangu ni wangapi, na mimi sikujua kazini kwake anafanya nini hasa zaidi ya kwamba kulikuwa na ghala na kompyuta. Lakini alijua kwamba mchuuzi wangu hapiti kijiji bila kusalimia, na kwamba anaogopa mbwa, na kwamba hajawahi kumpa mtu kisogo. Ukimjua huyo umenijua.

Jirani yangu wa Bukavu hakuelewa, na hakunificha. Alinikuta kwenye lifti nimebeba maandazi.

"Dada, siku ya ine yote unaendaka wapi?" akaniuliza, maana kwetu Alhamisi ni siku ya ine.

Nikamwambia ukweli wote. Nakwenda Vällingby kwa bwana mmoja Mswidi, tunakaa mezani, tunasimuliana habari za majoka. Alinichunguza kutoka kichwani hadi miguuni. Kanisani walikuwa wameshaniozesha siku nyingi, wengine walishachagua kitenge cha sare.

"Na miaka hii yote munaongeaka tu?"

"Tunaongea tu."

"Basi ile ni mubaya kuliko," akasema. "Bwana wa kuoa, akienda, unapata mwengine. Mutu wa kuongea naye, utamutoa wapi?"

Nilicheka. Lifti ikafika chini nikiwa bado nacheka, lakini maneno yake yaliingia na hayakutoka. Kama nilimpenda? Nimejiuliza, na jibu linanitia hasira kwa sababu halikai sawa. Nilimpenda mtu aliyekuwa mezani saa zile. Nje ya meza tungekutana barabarani tungepeana mkono na kuulizana kama mvua itanyesha. Hata sasa sijui jina la kitu hicho, na sioni kwa nini kila kitu kati ya mwanamke na mwanamume lazima kiishie kwenye kitenge cha sare.

Nilianza kuchelewesha. Ramani ilikuwa inaisha, nami niliona mlango unakaribia, na nilijua safari ikiisha sitakuwa na sababu ya kupanda treni ya kijani. Kwa hiyo mchuuzi wangu akaanza kuuguza punda. Akahudhuria msiba wa mtu asiyemjua, akakaa matanga mpaka mwisho. Alhamisi nzima tuliitumia kwenye mnada wa mbuzi, mbuzi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nikamkagua meno. Ilinichukua muda kuona kwamba na mwenzangu anafanya hivyohivyo. Mto ambao kwenye ramani ulikuwa mstari mwembamba ukawa mpana. Daraja likavunjika. Tukalijenga, likavunjika tena. Hakuna aliyemshtaki mwenzake.

Miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza, Alhamisi moja ya baridi kali, alimimina chai na karatasi hakuzifungua. Dada yake aliyekuwa kaskazini alikuwa mgonjwa, na nyumba ya ukoo wao kule haikuwa na mtu wa kuitazama. Anahama. Nyumba ya Vällingby, ambayo ni ya kupanga, anairudisha. Nikamwambia amefanya vizuri, ndugu ni ndugu, nikaulizia hali ya dada, nikasema Mungu atasaidia. Nilisema maneno yote ya mtu mwema, na ndani nilikuwa na hasira ya kutosha kuipindua meza ile na vikombe vyake. Kwenye treni ya kurudi nililia bila kujificha. Hakuna aliyenitazama, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hawatazami.

Sitaki kumalizia na yaliyofuata, kwa hiyo niyaseme hapa. Alihama. Nami baadaye nilihamia Märsta, karibu na kazi, ambako ndiko niliko. Krismasi tunatumiana salamu. Tulijaribu kucheza kwa simu mara moja, lakini bila meza tulikuwa watu wawili wenye aibu, tukaishia kuulizana baridi ni kiasi gani. Nimejaribu kuwaeleza wengine mchezo ule, wa kanisani na wa kazini. Wananisikiliza kwa adabu. Jioni zangu zimerudi kuwa jioni, na sijazoea, sitadanganya.

Alhamisi ya mwisho sebule ilikuwa maboksi matupu. Meza na viti vinne vilikuwa bado vipo, na vikombe vinne, maana hivyo alisema atavifunga mwisho. Punda alikuwa amepona. Mbuzi walikuwa wamekwisha. Mchuuzi wangu alivuka mto, akashuka ngazi za mawe chini ya mlima, akasimama mbele ya mlango. Nikasubiri anisimulie ukoje. Alikuwa anatazama ukurasa wake wa mwisho, na mimi nikiwa upande wa pili niliweza kuona kwamba hauna neno hata moja.

"Nyuma ya mlango kuna nini?" nikamuuliza.

"Sikuandika," akasema. "Nilisema nitaandika siku wachezaji watatu wakitimia."

Sikumwelewa. Nikamkumbusha wale watatu. Yule mnene, yule mbishi, yule wa kuchelewa. Nikawataja hivyo hasa, kama watu ninaowafahamu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hakuna aliyepiga," akasema. "Mama alikuwa anakimbilia dukani kila Alhamisi asubuhi anunue biskuti. Ulipiga wewe."

Nilitazama vikombe. Nilitazama zile penseli mbili ambazo hazikuwahi kufupika. Kumbe kiti nilichokuwa nikikikalia miaka yote sikukirithi kwa mtu. Miaka ishirini kilikuwa kinaningoja mimi, na mvulana wa shule alikuwa amekaa upande wa pili na dadu zake, anasikiliza simu isiyolia. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile, na sikujua kama ninamwonea yeye au najionea mwenyewe.

Nikagonga meza.

"Hodi," nikasema.

Aliufunika ukurasa wake mtupu. Kisha akasema karibu, kwa sauti ndogo, nami nikausukuma mlango.

Kwa kuwa yeye hakuwa ameandika, nikamsimulia mimi. Nilimwambia ndani kuna chumba chenye meza, na watu wawili wamekaa, wamechoka, viatu vina matope. Wanasema wamekuwa njiani siku nyingi. Walipotea, wakauliza njia, wakaelekezwa vibaya, wakapotea tena. Mmoja ameshika jarida lenye joka kwenye jalada.

"Wanataka nini?" akauliza.

"Wameona tangazo. Wanauliza kama nafasi bado ipo."

Alivua miwani na safari hii hakuifuta. Aliviangalia vile viti viwili, kimoja kwanza, kisha kingine.

"Ipo," akasema.

Akanyanyua birika, akamimina chai katika vikombe vile viwili ambavyo sikuwahi kuviona vimelowa, na mimi nikasogeza maandazi katikati ili kila mtu ayafikie.